Sola ya nyumbani bila kupigwa: mwongozo kamili, kuanzia hesabu hadi kufunga

Ukiingia duka la sola, swali la kwanza unaloulizwa ni "una bajeti ya shilingi ngapi?" Hapo ndipo mambo yanapoanza kuharibika. Muuzaji anaigawa ile hela kati ya paneli, betri na inveta kwa namna inayomlipa yeye, na wewe unatoka na vitu vitatu ambavyo havikupangwa vikae pamoja. Baada ya miezi kadhaa taa zinazimika saa tatu usiku, na jua ndilo linalotupiwa lawama. Jua halina kosa. Sehemu kubwa ya Tanzania na Kenya inapata kati ya wati-saa 4,000 na 6,000 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Nchi nyingi za Ulaya zilizojaza paneli mapaa mazima hazipati hata hizo.

Mwongozo huu ni wa mfumo mdogo wa volti 12 kwa nyumba ya kawaida: taa, TV, redio, simu, na feni kama unaishi Pwani. Utahitaji kikokotoo cha simu, futi ya kupimia, kisu kidogo na maltimita, ile mita ya mafundi yenye waya mwekundu na mweusi. Mita ya bei ya chini inatosha. Usinunue kitu kingine chochote kabla ya kumaliza hatua tatu za mwanzo.

Hatua ya 1: Andika kila kinachokula umeme

Tutenganishe vipimo viwili vinavyochanganywa kila siku. Wati ni kasi ya kula umeme. Wati-saa ni kiasi kilicholiwa. Taa ya wati 5 ikiwaka saa 4 imekula wati-saa 20. Yuniti moja ya LUKU, au ya tokeni kwa wenzetu wa Kenya, ni wati-saa 1,000.

Chukua karatasi, pita chumba hadi chumba. Wati za kila kifaa zimeandikwa nyuma yake au kwenye adapta. Ukikuta volti na ampea tu, zizidishe: volti 12 mara ampea 2.5 ni wati 30. Kisha jiulize kwa ukweli kifaa kinawaka saa ngapi kwa siku. Kwa ukweli, maana watu wengi huandika TV saa 3 ilhali watoto wameiwasha tangu walipotoka shule.

Tuchukue nyumba ya sebule, vyumba viwili na jiko:

- Taa ya sebuleni, wati 7, saa 5: wati-saa 35
- Taa mbili za vyumbani, wati 5 kila moja, saa 2: wati-saa 20
- Taa ya jikoni, wati 5, saa 3: wati-saa 15
- Taa ya ulinzi nje, wati 3, saa 11: wati-saa 33
- TV ya inchi 24 inayotumia volti 12, wati 30, saa 5: wati-saa 150
- King'amuzi, wati 12, saa 5: wati-saa 60
- Redio, wati 6, saa 6: wati-saa 36
- Simu tatu, wati-saa 20 kila moja: wati-saa 60

Jumla ni 409. Tuseme 410.

Tazama TV na king'amuzi: vyenyewe viwili vimekula nusu ya umeme wote wa nyumba. Taa zote tano, pamoja na ile inayokesha nje, hazifiki 110. Kwa hiyo ukitaka kubana matumizi usianze kugombeza watu kwa taa ya chooni. Anza na king'amuzi kinachoachwa kwenye plagi usiku kucha huku TV imezimwa.

Pasi na jagi la kuchemshia maji viondoe kwenye orodha kabisa. Jagi la wati 1,500 kwa dakika 10 linameza wati-saa 250, zaidi ya nusu ya matumizi ya nyumba hii kwa siku nzima. Gesi na mkaa vitaendelea na kazi yao. Feni ndogo ya volti 12 inawezekana: wati 20 kwa saa 8 ni wati-saa 160, na ukiiongeza jumla yako inafika 570. Amua sasa, kwa sababu kila hesabu inayofuata inasimama juu ya namba hii.

Hatua ya 2: Betri

Betri ndiyo kitu cha bei na ndiyo kitu kinachokufa kwanza. Hesabu yake inaanza na swali moja: unataka nyumba iwake siku ngapi jua likigoma? Siku mbili ni kiasi cha kawaida. Masika ya Pwani yanaweza kuzidi hapo, lakini hata siku ya mawingu mazito paneli huleta kitu kidogo.

Wati-saa 410 mara siku 2 ni 820. Sasa, betri ya risasi, iwe ya maji au ya jeli, haitakiwi kushushwa chini ya nusu mara kwa mara. Gawanya 820 kwa 0.5, unapata 1,640. Gawanya kwa volti 12, unapata ampea-saa 137, na hicho ndicho kipimo cha ukubwa wa betri. Dukani utachukua ya 150.

Betri ya lithiamu, hasa ile ya fosfeti ya chuma inayoandikwa LiFePO4, unaweza kuitumia hadi asilimia 80 bila kuiumiza. 820 kwa 0.8 ni 1,025. Gawanya kwa volti zake 12.8, unapata 80. Utachukua ya ampea-saa 100 na kubaki na akiba.

Ipi ununue? Kama hela ipo, lithiamu. Inadumu maelfu ya mizunguko ya kuchaji na kutumia, wakati betri nyingi za risasi za bei ya chini zinahesabika kwa mamia. Ukigawanya bei kwa miaka, ile inayoonekana ghali inageuka rahisi. Kama hela haipo, chukua ya risasi iliyotengenezwa kwa ajili ya sola, si ya gari. Ya gari ina bamba nyembamba zilizoundwa kutoa moto mkali kwa sekunde chache za kustati injini. Ukiitumia kuangalia tamthilia usiku kucha unaiua polepole, na muuzaji atakuambia ulizidisha matumizi.

Hatua ya 3: Paneli

Kila paneli imepimwa kiwandani chini ya mwanga wa wati 1,000 kwa mita ya mraba, seli zikiwa na joto la nyuzi 25. Kwenye bati la Tanga au Kilifi saa saba mchana seli zinafika nyuzi 60 bila shida. Paneli za silikoni hupoteza takriban asilimia 0.35 ya nguvu kwa kila nyuzi inayozidi 25. Kwa hiyo 200 iliyoandikwa kwenye lebo ni kama 175 kwenye paa lako, hata mbingu ikiwa haina wingu. Ongeza upotevu wa nyaya, wa kontrola (kifaa kinachosimamia kuchaji betri) na wa betri yenyewe, maana betri ya risasi hairudishi yote uliyoiwekea.

Badala ya kuhesabu kila upotevu peke yake, tumia vigawanyo hivi viwili (PWM na MPPT ni aina mbili za kontrola, tutazieleza Hatua ya 4). Ukiwa na betri ya risasi na kontrola ya PWM, gawanya matumizi yako kwa 0.6. Ukiwa na lithiamu na kontrola ya MPPT, gawanya kwa 0.75. Kisha gawanya tena kwa saa za jua kamili, yaani mwanga wote wa siku ukihesabiwa kama saa za wati 1,000 kwa mita ya mraba, za msimu mbaya kuliko yote. Kwa maeneo yetu mengi weka 4. Usiweke 6 ya msimu wa kiangazi, utakuja kulala gizani Aprili.

Kwa nyumba yetu: 410 kwa 0.6 ni 683, kwa 4 ni wati 171. Chukua paneli ya 200. Kwa mfumo wa lithiamu: 410 kwa 0.75 ni 547, kwa 4 ni wati 137. Chukua ya 150.

Kosa ninalolichukia kuliko yote liko hapa: betri kubwa, paneli ndogo. Watu wanaamini betri kubwa ndiyo umeme mwingi. Ni sawa na kununua simtanki la lita 5,000 ukaliunganisha na bomba linalodondosha. Tangi kubwa haliongezi maji. Ubaya wa betri ya risasi ni kwamba isipojaa kwa wiki nzima mfululizo, bamba zake huota chumvi ngumu ya salfeti, na uwezo uliopotea hapo haurudi. Kwa hiyo hakikisha paneli zinaweza kutoa ampea zisizopungua asilimia 5 ya ukubwa wa betri. 10 ndiyo nzuri. Paneli ya wati 200 inatoa kama ampea 11, na kwa betri ya 150 hiyo ni asilimia 7. Inapita. Paneli ya wati 50 kwa betri hiyohiyo ni mazishi.

Hatua ya 4: Kontrola, na kama kweli unahitaji inveta

Kontrola inakaa kati ya paneli na betri na kuzuia betri isichemke wala isikauke. Ampea za paneli zidishe kwa 1.25: 11 inakuwa karibu 14, chukua kontrola ya ampea 20.

Tofauti ya PWM na MPPT si maneno ya tangazo. PWM inaunganisha paneli na betri moja kwa moja, kwa kukata na kuachia. Paneli inayotaka kufanya kazi kwa volti 18 inalazimishwa kushuka hadi 13 za betri, na volti zilizobaki zinapotea. MPPT inageuza volti za ziada kuwa ampea. Kwa paneli ndogo za seli 36 zilizokusudiwa betri ya volti 12, PWM inavumilika. Ila siku hizi maduka yamejaa paneli kubwa za wati 400 na zaidi, zinazofanya kazi kwa volti 30 na kitu. Ukiweka paneli ya wati 400, volti 31 na ampea 13, kwenye PWM na betri ya volti 12, betri itapokea ampea 13 mara volti 13, yaani wati 170 hivi. Zaidi ya nusu ya paneli uliyolipia haifanyi kazi. Kwa paneli hizo MPPT ni lazima, na usome kwenye boksi volti ya juu inayoruhusiwa: iwe juu ya Voc ya paneli yako (volti zake ikiwa haijaunganishwa na kitu), na nafasi ibaki. Ikizidi, kontrola inaungua na dhamana haikuhusu.

Inveta ni ile inayogeuza volti 12 kuwa 230. Mafundi wengi wataiweka hata kama hukuiomba. Lakini inveta inakula umeme hata isipokuwa na kazi. Moja inayokula wati 10 tu ikiwa imewashwa mchana na usiku inameza wati-saa 240 kwa siku, na nyumba yetu nzima inatumia 410! Ndiyo maana kwenye orodha niliweka TV ya volti 12. Taa, feni, redio, chaja za simu na TV za volti 12 zipo madukani. Kama lazima uwe na inveta kwa ajili ya kompyuta au mashine ya kunyolea, chukua ndogo, ya mawimbi safi (pure sine wave), na uizime ukimaliza. Zile za mawimbi ya kukatakata hufanya feni na mota zivume na kupata joto.

Hatua ya 5: Waya, mahali umeme unapopotelea

Sehemu hii inarukwa na karibu kila mtu, na ndiyo inayotofautisha mfumo unaojaza betri na usiojaza. Volti 12 ni ndogo, kwa hiyo ampea zinakuwa nyingi, na ampea nyingi kwenye waya mwembamba zinageuka joto.

Chukua paneli yetu ya ampea 11, ikiwa mita 10 kutoka kwenye betri. Umeme unakwenda na kurudi, hivyo waya ni mita 20. Shaba ina ukinzani wa omu 0.0175 kwa kila mita ya waya wa milimita moja ya mraba. Kwa waya wa milimita 1.5, ule wa taa za nyumbani: 0.0175 mara 20, gawanya kwa 1.5, ni omu 0.23. Zidisha kwa ampea 11, unapoteza volti 2.6 njiani.

Unaweza kusema paneli ina volti 18, zikitoka 2.6 zinabaki 15.4, tatizo liko wapi? Tatizo ni lile joto. Paneli ikiwa na nyuzi 60, zile 18 zimeshuka hadi karibu 16. Toa 2.6, inabaki 13.4. Betri ya risasi inahitaji 14.4 ili ijae sawasawa. Haitazifikia hata jua liwake namna gani, na kila mchana utaona taa ya kontrola inawakawaka kama kwamba kazi inaendelea. Waya wa milimita 6 unapoteza volti 0.64 tu. Weka huo, au sogeza betri karibu na paneli.

Kwenda kwenye taa, 1.5 inatosha, kwa sababu taa ya wati 7 inavuta nusu ampea na kidogo.

Kabla hujalipia waya, kwangua ncha yake kwa kisu. Shaba inabaki nyekundu hadi ndani. Ukiona weupe, ni aluminiamu iliyopakwa shaba, inayopoteza zaidi na kukatika kwenye maungio. Muuzaji akikukataza kukwangua, umeshapata jibu.

Hatua ya 6: Vipimo vya dukani

Anza na futi. Mwaka 1954 wahandisi wa Bell Labs Marekani walipoonyesha seli ya kwanza ya silikoni yenye manufaa, iligeuza kama asilimia 6 ya mwanga kuwa umeme. Leo paneli nzuri za kawaida ziko kwenye 20 hadi 22. Hakuna kiwanda kinachouza mtaani paneli ya asilimia 40. Hivyo pima urefu na upana kwa mita, zidisha, halafu zidisha kwa 220. Hiyo ndiyo karibu nguvu ya juu unayoweza kutarajia kwa ukubwa huo. Paneli ya mita 1 kwa 0.6 ni mita za mraba 0.6, mara 220 ni wati 132. Lebo ikisema 300, lebo inadanganya, na huhitaji kubishana na mtu.

Kisha soma lebo ya nyuma. Vmp (volti za paneli ikitoa nguvu yake yote) mara Imp (ampea zake hapo) lazima ifike karibu na wati zilizotajwa. Toa paneli nje juani, weka mita kwenye volti za DC (umeme wa paneli na betri, tofauti na AC ya gridi), gusa ncha mbili. Paneli ya seli 36 itasoma kati ya 20 na 22, kulingana na joto lake. Hii pekee haitoshi, kwa sababu hata paneli mbovu huweza kuonyesha volti nzuri. Ampea ndizo zinazoiumbua. Paneli isiyozidi ampea 8 au 9 kwenye lebo unaweza kuipima kwa kuhamisha waya mwekundu kwenye tundu la 10A na kuunganisha moja kwa moja kwa sekunde chache. Paneli yenyewe haidhuriki. Jua la saa sita likiwa wazi, usomaji ukaribie Isc ya lebo (ampea za paneli ncha zake zikiunganishwa moja kwa moja). Paneli kubwa zaidi ya hapo inaweza kuunguza mita, tumia mita ya kung'ata waya inayopima DC. Na ukimaliza rudisha ule waya mwekundu mahali pake papohapo, kabla hujagusa betri.

Betri inapimwa kwa mizani. Ya risasi yenye ampea-saa 100 za kweli ina uzito wa kilo 25 hadi 30. Ya lithiamu ya ukubwa huo, kama kilo 10 hadi 13. Ukikuta "jeli 100Ah" unayoinua kwa mkono mmoja huku unaongea na simu, ndani yake hakuna risasi ya kutosha. Pima na volti: betri ya risasi iliyokaa dukani ikisoma chini ya 12.4, imekaa mno bila kuchajiwa. Iache.

Hatua ya 7: Kufunga

Tanzania yote iko kusini mwa Ikweta, kwa hiyo paneli zielekezwe kaskazini. Nairobi na Mombasa vilevile. Ukivuka kaskazini ya Nanyuki, ambako mstari wa Ikweta unapita, zielekezwe kusini. Karibu na Ikweta mwelekeo hauna uzito mkubwa; Dar es Salaam jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena Oktoba. Muhimu ni mwinamo: nyuzi 10 hadi 15, ili mvua ioshe vumbi na maji yasisimame ukingoni. Kwa paneli ya urefu wa mita moja, inua upande mmoja sentimita 17 kupata nyuzi 10, au 26 kupata 15.

Funga fremu kwenye kenchi, si kwenye bati peke yake, kwa sababu paneli ikipata upepo ni tanga. Acha sentimita 10 chini yake hewa ipite. Matundu ya bolti yazibe kwa silikoni.

Kivuli ni adui mkubwa kuliko mawingu. Seli za paneli zimefungwa kwa mfuatano, na ampea za paneli nzima hufuata seli iliyo dhaifu kuliko zote. Kuti la mnazi linalofunika seli moja linaweza kuangusha paneli yote. Zile dayodi za kwenye kisanduku cha nyuma, zinazopitisha umeme kando ya seli zenye kivuli, haziokoi mfumo wa volti 12, kwa kuwa zikikata nusu ya seli 36 zinabaki volti 9, na volti 9 haziwezi kuchaji betri ya 12. Kaa uangalie paa saa tatu asubuhi, saa sita na saa kumi jioni kabla ya kuchagua mahali. Antena na nguzo za simtanki zihesabu pia.

Mpangilio wa kuunganisha, na usiubadilishe:

1. Betri kwenye kontrola kwanza, ili kontrola itambue ni mfumo wa volti 12.
2. Paneli kwenye kontrola, ikiwa imefunikwa kwa kanga au kadibodi.
3. Taa na vifaa mwishoni.

Kufungua ni kinyume: vifaa, paneli, betri. Kuna kontrola zinazokufa paneli ikiunganishwa wakati betri haipo.

Fyuzi inakaa kwenye waya chanya, sentimita chache tu kutoka kwenye betri. Kwa mfumo wetu ampea 20 au 30 inafaa, mradi waya unaweza kubeba zaidi ya hapo. Watu huidharau kwa sababu volti 12 haimrushi mtu. Ni kweli haimrushi, lakini spana ikidondokea ncha mbili za betri itapita mamia ya ampea, chuma kitawaka chekundu, na nyumba ya makuti haina muda wa kusubiri. Vua pete na saa kabla ya kushika spana. Betri ya maji iwekwe mahali penye hewa, mbali na moto na chumba cha kulala, kwani inapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni. Sakiti breka za umeme wa TANESCO au KPLC usizitumie upande wa sola isipokuwa zimeandikwa DC. Umeme wa DC ukikatwa hutoa cheche ndefu ambayo breka za AC hazikuundwa kuizima.

Kama una inveta unayotaka kuiunganisha na nyaya za nyumba zilizoungwa na umeme wa gridi, usijaribu mwenyewe. Mwite fundi mwenye leseni, ya EWURA kwa Tanzania au EPRA kwa Kenya. Inveta ikirudisha umeme kwenye laini wakati gridi imekatika, fundi aliye juu ya nguzo ndiye atakayeumia. Kanda ya Ziwa, ambako radi ni nyingi, fremu ya paneli iunganishwe na fimbo ya ardhi.

Hatua ya 8: Wiki za mwanzo

Kwenye kontrola chagua aina sahihi ya betri. Ya maji, ya jeli na ya lithiamu zinachajiwa kwa volti tofauti, na kontrola nyingi hutoka boksini zikiwa zimewekwa kwa moja tu.

Kisha pima betri alfajiri, kabla jua halijachomoza na taa zikiwa zimezimwa. Kwa betri ya risasi iliyotulia, 12.7 ni imejaa, 12.4 ni robo tatu, 12.2 ni nusu. Ukiamka ukakuta 12.2 au zaidi, hesabu yako imekaa vizuri. Ukikuta 11.9 siku tatu mfululizo, usingoje. Punguza saa za TV au ongeza paneli. Betri ya lithiamu haisomeki hivyo, volti zake hukaa karibu na 13.2 muda mwingi halafu huporomoka mwishoni. Yake ifuatilie kwa kifaa kinachohesabu ampea-saa zinazoingia na kutoka.

Pima pia saa tisa alasiri siku yenye jua. Kama betri ya risasi haijawahi kugusa volti 14 na kitu, rudi kwenye Hatua ya 5 kabla ya kulaumu betri. Weka ncha za mita kwenye waya za paneli pale juu, halafu pale chini kwenye kontrola, jua likiwa kali. Tofauti ya zaidi ya volti moja ni waya mwembamba au ungio lililolegea.

Vumbi lifutwe kwa maji na kitambaa laini asubuhi, kioo kikiwa baridi. Maji ya baridi kwenye kioo cha nyuzi 60 si wazo zuri. Wanaoishi ufukweni wapake grisi kwenye ncha za betri, chumvi ya bahari inakula shaba haraka. Betri ya maji ifunguliwe kila mwezi au miwili: bamba zisionekane juu ya maji. Ongeza maji safi ya betri yasiyo na asidi, usiongeze ya bomba, wala usiongeze asidi.

Ukitaka kuongeza kifaa baadaye, kirudishe kwenye orodha ya Hatua ya 1 na upige hesabu upya hadi chini. Usiunganishe betri mpya na ya zamani sambamba, maana ile chovu itaiburuza mpya ifanane nayo. Uza ya zamani kwa wanunuzi wa betri chakavu. Risasi yake ina bei kwa uzito, na haitakiwi kupasuliwa nyuma ya nyumba wanakocheza watoto.